Muhamadi Kijuma: Mtambaji wa Lamu

Mwanafunzi yeyote aliyepitia somo la tendi amekwisha kukutana na Muhamadi Kijuma, ijapokuwa huenda hakumtambua. Alikutana naye aliposoma Utendi wa Fumo Liyongo. Alikutana naye tena, kwa mbali, aliposoma Al-Inkishafi, kwani miongoni mwa miswada aliyoitegemea William Hichens alipouchapisha utenzi huo London mwaka 1939 imo iliyoandikwa kwa mkono wa Kijuma. Vitabu vyetu humwita mnakili, mhifadhi wa miswada, mwandishi wa hati nzuri. Sifa hizo zote ni za haki. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya anaona kwamba zimemsimamisha mtu huyu upande mmoja tu wa maisha yake, upande wa karatasi, na kuuacha gizani upande mwingine ambao watu wa mji wake waliujua vyema zaidi: Kijuma aliyeimba, aliyepiga kibangala, aliyecheza ngoma na kuhadithia mbele ya watu. Ni Kijuma huyo wa pili tunayemtafuta hapa, kwa sababu bila yeye ni vigumu kumwelewa yule wa kwanza.

Jina lake kamili ni Muhammad bin Abubakar bin Umar al-Bakry. Alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, zama ambazo mji huo ulikuwa chini ya himaya ya Mabusaidi wa Zanzibar. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa bado hai, na utendi wake kwa bintiye haukuwa umetungwa. Kwa hiyo Kijuma ni mtoto wa siku ambazo ushairi mkubwa wa visiwa vile, Pate, Siyu, Faza na Lamu yenyewe, haukuwa kumbukumbu bali kazi iliyokuwa ikiendelea. Mashairi yalisomwa kwa mahadhi ndani ya nyumba za mawe, yakabishaniwa barazani, na yakatumiwa kutukanana mji kwa mji. Mtoto wa Kiamu wa wakati ule alijifunza Kurani na hati za Kiarabu chuoni mchana. Usiku, aliposikia mwito wa paukwa, aliitikia pakawa pamoja na wenziwe, na bibi akaanza. Shule hizi mbili, ya kalamu na ya sauti, ndizo zilizomlea.

Tofauti ya Kijuma na wenziwe ni kwamba hakukubali kuichagua moja na kuiacha nyingine. Alikuwa na mkono wa ajabu. Hati yake imenyooka na kupambwa, na miswada yake ni raha ya jicho hata kwa asiyeweza kuisoma. Alichonga mbao pia, sanaa ambayo Lamu inajulikana kwayo hadi leo kwa milango yake. Lau angeishia hapo, angeishi kama fundi na mwanachuoni wa heshima. Lakini alikuwa pia mpigaji wa kibangala na mtu wa ngoma, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Tuelewe ugumu wenyewe. Katika mji kama Lamu, kusoma utendi wa Mtume kwa sauti nzuri ni jambo la thawabu. Kuketi na kibangala mapajani mbele ya hadhira ni jambo jingine. Baadhi ya wanavyuoni waliona ala za nyuzi ni upuuzi, na wengine waliona ni haramu. Hata Habib Saleh, sharifu aliyeujenga Msikiti wa Riyadha na kuyapa maulidi ya Lamu matari na nyimbo, alipingwa mwanzoni na baadhi ya wakubwa wa mji kwa sababu hiyo hiyo ya ngoma. Ikiwa matari ya kumsifu Mtume yalizua ugomvi, msomaji na ajikisie mwenyewe hali ya mtu wa ukoo mzuri aliyeonekana kwenye arusi akiwachezesha watu. Kijuma aliishi na mvutano huo umri wake wote. Si kwamba alikuwa mtu asiye na dini. Nasaha alizoziandika zinatosha kukanusha hilo. Ni kwamba hakuona kuwa sauti aliyopewa ilikuwa ya kufichwa.

Ngoma iliyomhusu zaidi kwa ajili ya mada yetu ni gungu. Wasomaji wengi wa bara hulijua neno hili kutoka maelezo ya chini ya ukurasa tu, kwa hiyo si vibaya tukakaa nalo kidogo. Gungu lilikuwa ngoma ya arusi za waungwana, iliyochezwa usiku, polepole, kwa adabu nyingi. Palipigwa ngoma na matari, palipigwa upatu na utasa wa shaba, na katika arusi kubwa ililia siwa, baragumu la heshima ambalo Lamu ilikuwa nalo la shaba na Pate la pembe ya ndovu. Nyimbo zake zilikuwa na mafumbo, na nyingi zilihusishwa na Fumo Liyongo mwenyewe. Mtunzi hakupata nafasi ya kujificha nyuma ya maandishi, maana aliitoa beti yake hapo hapo, na hapo hapo akajua kama imeshika au imeanguka. Fanani aliyelelewa katika ngoma kama hiyo hujifunza mambo ambayo darasa halifundishi: wapi pa kunyamaza, wapi pa kurudia, na ni neno gani litakalofanya wazee watikise vichwa ilhali watoto walioko mlangoni wanacheka.

Wakati huo huo dunia iliyokuwa ikimlisha mtunzi wa aina hii ilikuwa ikibomoka. Mwaka 1885 Wajerumani walijitwalia himaya ya Witu, ng'ambo tu ya visiwa. Mwaka 1890 waliwaachia Waingereza, na mwaka huo huo Witu ikashambuliwa na kuchomwa. Mwaka 1895 pwani yote ikaingizwa katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilivuta biashara kusini, na utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907 mashamba ya waungwana wa Lamu yalikosa mikono ya kuyalima. Hatusemi haya kwa kuusikitikia utumwa. Utajiri wa mawe na siwa ulisimama juu ya migongo ya watu, na Saada, mjakazi tutakayekutana naye punde hivi, ni mmoja wao. Tunachosema ni kwamba arusi za siku saba zilipopungua, yule aliyezitungia nyimbo alikosa mlipaji.

Mlipaji mpya alitoka mbali. Wamisionari wa Neukirchen, Wajerumani, walikuwa wamekwisha kuweka makao Lamu, na Kijuma aliwafundisha lugha. Kisha akaja Bi. Alice Werner, mtaalamu wa Kiingereza aliyezunguka Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913 akikusanya ngano na mashairi, na ambaye baadaye alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa London mwaka 1917. Watu hawa walitaka maandishi. Hawakuweza kuichukua ngoma, lakini karatasi waliweza kuichukua. Kijuma akaanza kuishi kwa kalamu: kunakili tendi za wazee, kutunga pale alipoombwa au alipotaka, na kulipwa kwa kazi yake. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni kuuza urithi. Nami niliwahi kuliona hivyo. Lakini nikijiuliza ni nani mwingine, mwaka 1913, aliyekuwa tayari kumlipa mzee wa Kiamu aandike Kiamu, sipati jibu.

Mwaka huo wa 1913 ndio wa Utendi wa Fumo Liyongo. Kisa chenyewe hakikuwa kigeni. Kilijulikana pwani nzima, na Askofu Edward Steere alikuwa amekwisha kukichapisha kwa nathari katika mkusanyiko wake wa ngano mwaka 1870. Watoto walikijua kama hadithi ya jitu lenye nguvu, wakubwa walikijua kupitia nyimbo za gungu zilizosemekana kuwa za Liyongo, na Kipini palionyeshwa kaburi lake. Alichofanya Kijuma ni kukichukua kile cha watoto na kile cha wakubwa akavitia katika bahari moja ya utendi, beti 232, mizani nane kwa nane. Mwanzoni kabisa anatuambia anawaandikia wana watakaokuja nyuma. Tumezoea kuipita kauli hiyo kama desturi ya watunzi. Mimi naiona kuwa ni tangazo la hadhira.

Hebu tutazame jinsi anavyoipanga hadhira hiyo. Wagala wamefika Pate kufanya biashara, na mfalme anawajigambia kwamba ana mtu wa ajabu. Liyongo anaitwa. Safari ya siku nne anaikata kwa siku moja, na anapolipiga panda lake mji mzima unashtuka. Kisha anatua mkoba wake, na kutoka mkobani vinatoka vitu: kinu na mchi, vyungu, mafiga, vyombo vya nyumba nzima. Mtu yeyote aliyewahi kuwatambia watoto hadithi anajua mbinu hii. Kitu kinatoka, kingine kinatoka, na kila kinapotoka kimoja watoto wanasogea mbele. Utambaji wa aina hii haumo katika wasia wa Mwana Kupona wala katika Al-Inkishafi. Umo katika ngano za usiku, na Kijuma ameuleta hapa bila ya kuona haya.

Wakubwa nao wanangoja zamu yao. Mfalme anamwogopa Liyongo na kutaka auawe. Linaandaliwa shauri la kikoa, ule mlo wa zamu ambao kila mmoja huchangia: wenzake watapanda mikoma kwa zamu kuangua makoma, na zamu ya Liyongo ikifika akiwa juu ya mti, watampiga mishale. Yeye hapandi. Anayadondosha makoma kwa mishale yake akiwa amesimama chini. Watoto wanacheka, lakini mtu mzima hacheki sana, kwani anajua kuwa mtego ulioshindwa barazani huhamia ikulu. Na kweli, Liyongo anakamatwa na kutiwa gerezani.

Hapa ndipo penye moyo wa utendi huu, na naamini ndipo penye moyo wa Kijuma mwenyewe. Liyongo yumo kifungoni, amefungwa minyororo, anangoja kifo. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa Saada, lakini kila chakula kizuri huliwa na walinzi. Kwa wimbo wa mafumbo, Liyongo anamtuma Saada kwa mama yake: aoke mkate wa wishwa, na ndani ya mkate atie tupa. Walinzi wanauona mkate wa makapi, wanaudharau, wanaupitisha. Tupa imefika. Lakini kukata chuma kuna sauti, na gereza lina masikio. Liyongo anaomba, kama tamaa ya mwisho ya mtu anayekwenda kufa, kwamba watu wa mji wamchezee gungu. Anawafundisha nyimbo. Ngoma inapangwa nje ya ukuta: panda, matoazi, utasa, na watu wa mji wote kwa sauti moja. Kelele zinapopanda, ndani anakata. Zinaposhuka, anatulia. Ngoma inaendelea hadi minyororo imekatika, naye anatoka mbele ya wale wale waliokuwa wakimchezea.

Nimesoma uhakiki mwingi unaolijadili tukio hili kwa upande wa ujanja wa shujaa, au kwa upande wa nafasi ya mwanamke, mama na mjakazi. Yote hayo yamo. Ila sijaona likizungumzwa vya kutosha jambo lililo wazi, kwamba kinachomkomboa Liyongo ni utendaji wa sanaa. Tupa peke yake isingefaa kitu. Fumbo la wimbo ndilo lililoileta, na ngoma ndiyo iliyoificha. Nalo limewekwa hapo na mtunzi aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ngoma ni upuuzi. Wapo watakaosema kuwa Kijuma alikikuta kisa hicho tayari katika mapokeo, na ni kweli. Suala la kiasi gani cha utendi ni chake na kiasi gani ni cha waliomtangulia limejadiliwa na litaendelea kujadiliwa. Lakini mtambaji hapimwi kwa alichobuni tu. Hupimwa pia kwa mahali anapochagua kukaa, na Kijuma amekaa hapa muda mrefu, akisikiliza ngoma kwa masikio ya mtu aliyewahi kuipiga.

Mwisho wa kisa hautambiki kwa watoto bila kupunguzwa. Siri ya Liyongo ni kwamba hakuna silaha imwuayo isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Liyongo aliyejeruhiwa anatoka hadi kisimani, anapiga goti, anaupachika mshale katika upinde, na anakufa katika hali hiyo. Watu wa mji hawathubutu kukisogelea kisima. Wanakosa maji. Wanamleta mama yake ambembeleze kwa mashairi, na mama anamwimbia maiti. Katika fasihi yote ya Kiswahili niliyoisoma sijui tukio la ukimya mzito kuliko hilo.

Miaka kumi na minne baadaye, 1927, Kijuma alitunga Siraji, utendi wa nasaha kwa mwanawe Helewa. Ni kazi ya namna nyingine, karibu zaidi na Mwana Kupona: mzazi anamwelekeza mwana namna ya kuishi na dini, na watu na ulimwengu. Sitakaa nayo sana. Ninaitaja kwa sababu inakamilisha picha. Yule yule aliyesimulia kisa cha mwana aliyemwua babaye, sasa ni baba anayezungumza na mwanawe, na sauti imeshuka hadi kuwa ya watu wawili chumbani.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyompa Kijuma jina nje ya Lamu, nayo ndiyo iliyotufanya tumjue kama mnakili. Hichens alimwandikia kutoka Uingereza akitaka miswada, na Kijuma akampelekea. Mwaka 1936 mtaalamu wa Kijerumani Ernst Dammann alifika na mkewe Ruth, wakafanya kazi pamoja na mzee huyu aliyekuwa amepita umri wa miaka themanini. Mkusanyo mkubwa wa tendi za Kiamu alioutoa Dammann Hamburg mwaka 1940 umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi hiyo ya Lamu. Vita vya dunia vikakata mawasiliano, na Kijuma akafariki mwaka 1945, mwaka wa kumalizika kwa vita hivyo.

Miswada yake imehifadhiwa London na Ujerumani. Mohamed Abou Egl aliandika tasnifu ya uzamifu juu ya maisha na kazi zake katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1983, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walihariri kitabu kizima cha matini zake kutoka hazina ya Dammann na nyinginezo. Hapa kwetu Profesa Mulokozi aliuingiza Utendi wa Fumo Liyongo katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999, na tangu hapo umekuwa karibu na mwanafunzi wa kawaida. Tatizo lililobaki si la kupatikana kwa matini. Ni la namna tunavyozisoma. Mimi mwenyewe nilipousoma utendi huu mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa kwanza, niliusoma kimya usiku wa kuamkia mtihani. Nilihesabu vina, nikaorodhesha sifa za shujaa, nikapata alama nzuri, na sikuwa nimesikia chochote.

Nilikuja kusikia baadaye sana, nilipokwenda Lamu kwa ajili ya utafiti. Jioni moja, baada ya magharibi, niliombwa niwasomee watu waliokuwa wamekaa barazani kile nilichokuwa nikikisoma. Kiamu changu ni cha vitabuni, na mahadhi yangu ni mabaya; mzee mmoja aliyanyoosha tangu beti ya tatu, akawa anasoma kwa kuniitikia. Watoto walikuja kwenye mkoba. Nilipofika kwenye mafiga, walitaka nirudie kuanzia kinu. Kina mama wawili waliokuwa wakipita walisimama kwenye mkate wa wishwa, mmoja akaeleza jinsi wishwa unavyokandwa ili ushikane, maana kwa maoni yake mtunzi hakueleza vya kutosha. Tulipofika kwenye sindano, kijana mmoja akauliza yule mwana alifanywaje baada ya hapo. Nikatafuta beti. Kabla sijaipata, yule mzee akajibu kutoka kichwani mwake, na jibu lake halikuwa lililoandikwa katika nakala yangu. Mwenzake wa pembeni akalikataa, akatoa la tatu, alilolisikia kwa nyanya yake upande wa Pate. Walikuwa bado wanabishana adhana ya isha ilipolia, nami nikafunga kitabu kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa akikitazama.